Sheria, Rangi na Lugha katika Msamiati wa André Yav

Msamiati wa Mji wa Elisabethville, ulioandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, haujapewa uzito unaostahili katika uhakiki wa maandishi ya Kiswahili. Johannes Fabian aliuchapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Tangu hapo umesomwa zaidi kama chanzo cha historia ya Lubumbashi kuliko kama kazi yenye hoja yake.

Hoja hiyo haieleweki bila kuzikumbuka sheria za Wabelgiji. Amri ya mwaka 1952 ilimruhusu Mwafrika kuandikishwa chini ya sheria ya kiraia ya Wazungu, na kipimo kilichotajwa kilikuwa ustaarabu, si rangi. Lakini Mzungu hakudaiwa kuuthibitisha ustaarabu wake. Aliyechunguzwa ni Mwafrika peke yake. Rangi ilifutwa katika maneno ya sheria, ikabaki katika utekelezaji wake na katika ramani ya mji, ambamo makazi ya Wazungu yalikuwa yametengwa na mitaa ya Waafrika.

Mtumishi wa nyumbani aliujua mpaka huo kuliko wengi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuuvuka. Alipika chakula ambacho hakualikwa kukila. Ndiyo maana anwani ya kitabu ina uzito. Misamiati ya wakati wa ukoloni iliwafundisha Wazungu kuamuru: lete, ondoa, fagia. Yav anaichukua anwani ya vitabu hivyo na kuipa historia ya walioamriwa.

Ni kweli kwamba masimulizi yake hayafuatiki kwa urahisi. Yameandikwa kwa Kiswahili cha mjini humo, jinsi kinavyosemwa, na mgawanyo wa maneno si ule wa Sanifu. Fabian alihitaji msaada wa Kalundi Mango, mzungumzaji wa lugha hiyo, ayasome kwa sauti. Hata hivyo, mhakiki anayekiita Kiswahili hicho kibovu, kisha akaishia hapo, anairudia mantiki ya mwaka 1952: mlango umeachwa wazi kwa wote, ila mmoja tu ndiye anayedaiwa hati. Maandishi ya Yav yanastahili kufundishwa pamoja na kazi nyingine za Kiswahili, yakipimwa kwa yanayoyasema na kwa namna yanavyoyasema.