Wastani usitumike kupima uhalifu wa vijana

Marvin Wolfgang na wenzake walifuatilia rekodi za wavulana 9,945 wa Philadelphia, Marekani, waliozaliwa mwaka wa 1945. Polisi walirekodi makosa 10,214. Wastani wa kosa moja hivi kwa kila mvulana. Lakini jamani, takriban thuluthi mbili hawakuwa na kosa lolote, ilhali 627 tu walitenda zaidi ya nusu!

Ndiposa ninawapinga watafiti wanaokimbilia wastani. Katika Kiswahili, ‘wastani’ hudokeza hali ya kawaida. Mvulana huyo wa kawaida yuko wapi? Data iliyojaa sifuri huhitaji modeli za kuhesabu matukio, mathalani binomia hasi. Samaki mmoja akioza huoza wote, ila takwimu zisiwaozeshe wasio na hatia.