Kalamu na Baraza: Kipimo cha Siku na Uhaba wa Riwaya katika Kisiwa cha Mvita

Utangulizi

Katika mijadala ya fasihi ya Kiswahili, Mombasa hutajwa kwanza kwa ushairi. Tangu Muyaka bin Haji, aliyetunga mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, hadi Ahmad Nassir na Abdilatif Abdalla katika karne ya 20, kisiwa hiki kimetoa malenga ambao hakuna historia ya utanzu huo inayoweza kuwaruka. Riwaya haikupata bahati hiyo. Mwanafunzi anayetakiwa kutaja riwaya za Kiswahili zilizoandikwa na wenyeji wa Mji wa Kale hukwama mapema, na mara hujikuta akiorodhesha vitabu vya Unguja, Pemba na Tanga.

Uhaba huu una maelezo yaliyozoeleka, nayo ni maelezo ya wakati. Husemwa kwamba mtunzi chipukizi wa Mvita, hata akijiwekea kipimo cha ukurasa mmoja au miwili kila siku, hukabiliwa na siku isiyompa nafasi: kazi ya bandarini, dukani au darasani, sala, jamaa, arusi na misiba. Shairi laweza kutungwa njiani, lakini riwaya hudai meza na mlango uliofungwa. Makala haya hayakanushi kuwa maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Yanachodai ni kwamba hayatoshi, na kwamba yakikubaliwa yote yanaficha sababu iliyo nzito zaidi. Kinachomwelemea mtunzi wa riwaya katika Mji wa Kale si idadi ya saa alizo nazo tu, bali ni gharama ya kila ukurasa anaouandika.

Siku ya Mji wa Kale na Nafasi ya Shairi

Yafaa kuanza na siku yenyewe. Katika mitaa ya Kibokoni na Ndia Kuu nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na mabaraza ya mawe mbele ya milango yameufanya mpaka wa ndani na nje kuwa hafifu. Baada ya alasiri, na tena baada ya isha, wanaume huketi barazani na kahawa hupita. Habari husimuliwa, hukosolewa, na husimuliwa upya. Ndani ya nyumba nako kuna mikutano yake ya wanawake, yenye masimulizi na mafumbo yake. Asiyetokea huulizwa: yu mgonjwa, amekasirika, au amesafiri? Kujifungia kila jioni ili kuandika si jambo la faragha katika mji wa namna hii. Ni tendo linalofasiriwa na jirani.

Shairi halimtaki mtunzi ajitenge hivyo. Ubeti wenye vina na mizani hushikwa kichwani, husemwa mbele ya watu, hujibiwa, na hurekebishwa kwa kusikilizwa. Tena una soko lake ndani ya siku hiyohiyo. Arusi huhitaji nyimbo, na mwimbaji wa taarabu huhitaji mtunzi. Mashairi mengi ya Ahmad Nassir yaliwafikia watu kwa sauti ya Juma Bhalo, na wengi walioyahifadhi hawakuyasoma kitabuni. Malenga wa Mvita ilipotoka mwaka 1971, chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, ilikuwa inakusanya kazi ya mtu ambaye tayari alikuwa na hadhira. Kwa malenga, basi, maisha ya kila siku ndiyo mahali pa kazi yenyewe, wala hayasimami kama adui wa utunzi.

Hapa hoja ya wakati huonekana imeshinda. Ikiwa siku imeshajaa fasihi ya aina moja, aina nyingine itaingilia wapi?

Udhaifu wa Hoja ya Wakati

Historia ya riwaya, hata hivyo, ni historia ya watu wasiokuwa na wakati. Anthony Trollope, aliyeingia katika idara ya posta ya Uingereza mwaka 1834 na kuiacha mwaka 1867, ameeleza katika tawasifu yake iliyotoka mwaka 1883 jinsi alivyoandika alfajiri kabla ya kwenda kazini, saa ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kwa kila robo saa. Naguib Mahfouz alikuwa mtumishi wa serikali ya Misri hadi alipostaafu mwaka 1971, na wakati huo vitabu vyake vitatu vikuu juu ya mitaa ya Kairo ya kale, vilivyotoka mwaka 1956 na 1957, vilikwisha kumpa jina. Kairo ya Mahfouz haina upweke kuliko Kibokoni. Ina migahawa badala ya mabaraza, na Mahfouz mwenyewe alikuwa mtu wa kuketi humo.

Mifano ya nyumbani ina nguvu zaidi. Shaaban Robert aliishi kwa mshahara wa serikali tangu mwaka 1926, akihamishwa kutoka kituo hadi kituo, na Kusadikika ilitoka mwaka 1951 akiwa angali mtumishi. Muhammad Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti, alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda shindano la Shirika la Maandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957/58 na kuchapishwa mwaka 1960. Hakuna sababu ya kuamini kuwa karani wa Tanga au mhariri wa Unguja alikuwa na saa nyingi kuliko karani wa Mombasa.

Mfano wa mwisho ni wa gereza. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa kati ya mwaka 1969 na 1972 kwa sababu ya waraka uliouliza Kenya inakwenda wapi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyaandika kwa siri juu ya karatasi za msalani. Mara nyingi tukio hili hutolewa kuwa ushahidi kwamba shairi ni utanzu wa wenye dhiki, kwa kuwa huenea katika kipande cha karatasi na katika kumbukumbu. Lakini mwaka 1978 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika riwaya nzima ya Caitaani Mũtharaba-inĩ juu ya karatasi ya aina ileile. Dola ilikuwa ileile, na uhaba wa vifaa ulikuwa uleule. Mmoja alitoka na diwani, mwingine na riwaya. Kama karatasi na utulivu vingekuwa ndivyo vinavyoamua utanzu, tofauti hii isingetokea. Ngũgĩ alichagua lugha aliyoisema nyumbani kwao Limuru, akaiandika kama ilivyosemwa. Hapo ndipo hoja inapopaswa kuhamia.

Jambo moja lapasa kukubaliwa kabla ya kuendelea. Makarani wote waliotajwa ni wanaume, na kila mmoja alirudi katika nyumba iliyotunzwa na mikono ya wengine. Virginia Woolf alipodai mwaka 1929 kwamba mwanamke anayetaka kutunga bunilizi anahitaji fedha na chumba chake, alikuwa akieleza uhaba ambao kipimo cha Trollope hakikuuona. Kwa mwanamke wa Mji wa Kale hoja ya wakati hubaki na uzito wake. Hata hivyo nayo haielezi kwa nini wanaume wa mitaa hiyohiyo, waliokuwa na jioni zao, hawakuandika riwaya.

Ndia na Njia

Mwaka 1928 mkutano wa wawakilishi wa makoloni ya Afrika Mashariki ulifanyika Mombasa, na humo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu dhidi ya Kimvita. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha iliyosimamia usanifishaji na kuvikagua vitabu. Historia hii hufundishwa kama sura ya isimu. Athari yake kwa tanzu za fasihi haijapewa uzito unaostahili.

Uamuzi ule haukumgusa malenga na mwandishi wa nathari kwa kiwango kimoja. Ushairi ulikuwa na mamlaka yake ya kale: lahaja za kaskazini zilikwisha kukubalika kuwa lugha ya utenzi na ya shairi, na hakuna mhariri aliyeweza kumwondolea malenga lahaja yake bila kuvunja vina na mizani. Nathari haikuwa na ngao hiyo. Kitabu cha hadithi kilikuwa kitabu cha shule, na kitabu cha shule kilikuwa cha Kisanifu. Hali hii ilizidi kukazwa nchini Kenya baada ya mwaka 1985, mfumo wa 8-4-4 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na soko la riwaya likawa, kwa sehemu kubwa, ni darasa.

Matokeo yake yanaonekana katika sentensi ya kwanza kabisa. Mtunzi anayetaka mhusika wake ashuke kutoka Ngome na kupita barabara kuu ya Mji wa Kale hana budi kuitaja Ndia Kuu. Jina ni la Kimvita. Je, mhusika huyo anapita njia au ndia? Akiwa na mato, msimulizi ampe macho? Watu wa barazani wakiteka, yaani wakicheka, msomaji wa bara ataelewa kuwa wanachota maji au wanavamia mji, kwa kuwa maandishi ya Kisanifu hayatofautishi t ya meno na t ya ufizi ambazo sikio la Mvita huzitenga. Kila mara kalamu husimama. Mtunzi huyu haandiki ukurasa mmoja kwa siku. Huandika mmoja kwa sikio lake, kisha wa pili kwa mhariri. Kipimo chake cha siku ni maradufu ya kile cha mwenzake wa Unguja, hata kama saa ya mezani inaonyesha muda uleule.

Inaweza kupingwa kwamba Mahfouz naye aliyahamisha mazungumzo ya vichochoro hadi Kiarabu fasaha. Ni kweli, na tena alikataa kuandika mazungumzo ya wahusika kwa lugha ya mtaani. Lakini Kiarabu fasaha kilikuwa juu ya lahaja zote kwa usawa. Kisanifu, kwa mtu wa Mvita, ni lahaja ya jirani iliyopandishwa cheo, tena katika mkutano uliofanyika mjini mwake.

Kwa hiyo si ajabu kwamba riwaya zilizoichukua pwani ya Kenya zilikuja zaidi kutoka nje ya kisiwa. Katama Mkangi, aliyezaliwa Ribe na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa Ukiwa mwaka 1975, Mafuta mwaka 1984 na Walenisi mwaka 1995. Ken Walibora, mtu wa bara, alimwita shujaa wa Siku Njema (1996) Kongowea Mswahili, na Kongowea ni miongoni mwa majina ya kale ya Mombasa. Jina la mji liliingia katika riwaya iliyosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi, likiwa limechukuliwa na mwandishi ambaye Kisanifu hakikumnyang'anya lahaja yake.

Njia ya Nje: Kisa cha The House of Rust

Uthibitisho wa hoja hii umekuja hivi karibuni, na kutoka upande usiotarajiwa. Khadija Abdalla Bajaber, mwandishi wa Mombasa mwenye asili ya Kihadhrami, alishinda tuzo ya kwanza ya Graywolf Press kwa riwaya za Afrika mwaka 2018 kwa mswada wa riwaya yake ya kwanza. The House of Rust ilitoka Marekani mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata tuzo ya kwanza ya Ursula K. Le Guin. Lugha yake ni Kiingereza.

Kisa ni cha Aisha, msichana ambaye baba yake mvuvi, Ali, hapotei katika habari tu bali katika bahari yenyewe. Aisha anamfuata ndani ya chombo cha mifupa, akiongozwa na paka asemaye, Hamza, na anakabiliana na viumbe vya kilindini, akiwamo Baba wa Papa. Muundo huu ni wa hekaya, na msomaji wa pwani ataujua mara moja. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba safari hiyo haichukui riwaya nzima. Aisha hurudi, na sehemu kubwa inayofuata hubaki nchi kavu: nyumbani, kwa nyanya yake, Hababa, katika shinikizo la ndoa na macho ya majirani. Shughuli zilezile ambazo hoja ya wakati huzihesabu kuwa vizuizi vya riwaya ndizo zinazoifanya riwaya hii. Baraza na jiko havimzuii mwandishi, bali vinampa mgogoro.

Kiingereza kilimwondolea Bajaber swali la ndia na njia. Katika lugha isiyo Kimvita wala Kisanifu, hakuna lahaja inayoishinda nyingine, na miito kama Hababa huingia bila kusahihishwa. Uhuru huo una bei yake. Msomaji anayeketi katika baraza ileile inayosimuliwa huenda asiisome. Ushindi wa riwaya ya Mombasa umepatikana, lakini nje ya lugha ya Mombasa.

Hitimisho

Mtunzi chipukizi wa Mji wa Kale huambiwa aamke mapema, afunge mlango, ahesabu kurasa. Ushauri huo si mbaya, na Trollope ni shahidi wake. Lakini unamtaka apambane na mji wake, hali mji huo ndio maudhui yake, na unamwachia peke yake mzigo ambao si wake: mzigo wa uamuzi wa mwaka 1928, unaolipwa neno kwa neno kila siku.

Wanaoweza kuupunguza mzigo huo ni wahariri, watahini na wahakiki. Kimvita kimekubaliwa katika ubeti kwa karne mbili, na hakuna aliyeona kuwa Kiswahili kimeharibika. Kikikubaliwa katika nathari pia, katika kinywa cha mhusika kwanza na hatimaye katika kinywa cha msimulizi, saa moja ya baada ya isha itaweza kutosha kwa ukurasa mmoja. Hadi hapo, idara za fasihi zitaendelea kuuliza kwa nini Mvita haina riwaya, huku zikiutia wino mwekundu kila mswada unaothubutu kupita Ndia Kuu.