Mabega ya Christopher Reeve

Katika Superman, filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Richard Donner, kuna kipande kifupi kisicho na mlipuko wala mtu wa kuokolewa. Clark Kent amemfuata Lois Lane nyumbani kwake ili watoke. Muda mfupi uliopita Lois alikuwa angani, ameshikwa mkono na Superman, na akili yake bado haijatua. Anaingia chumbani kujiandaa. Clark anabaki sebuleni, anavua miwani, na hapo Christopher Reeve anaanza kazi. Mgongo unanyooka. Mabega yaliyokuwa yameangukia mbele yanarudi mahali pake, shingo inachomoza kwenye kola, mtu anaongezeka kimo mbele ya macho yako bila hila yoyote ya kamera. Anaita jina la Lois kwa sauti nzito, tulivu. Anataka kumwambia ukweli. Mara moyo unamsinyaa. Miwani inarudi usoni, mabega yanaporomoka, sauti inapanda, na mwandishi wa habari mwenye haya anaanza tena kubabaika.

Ni sekunde chache tu. Kila ninapousikia ubishi kuhusu filamu za mashujaa, kwamba zituoneshe shujaa alikotoka au zituache tuingie moja kwa moja kwenye vurugu, hukirudia kipande hiki, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kukidai.

Asiyetaka asili ana hoja yake. Mtazamaji aliyefika akiwa amechelewa ataelewa kila kitu sebuleni pale. Sisi tuliokulia mabanda ya video tunalijua hilo: steringi aliingia, akapiga, hakufa, na hakuna aliyeuliza alizaliwa wapi. Isitoshe, wazazi wa Batman wameuawa kwenye uchochoro ule ule mara nyingi mno. Tumeshaijua hadi mikufu ya lulu inavyokatika.

Donner, kwa upande wake, hakuwa na haraka. Karibu dakika 45 zinapita kabla hatujamwona Reeve. Kwanza sayari ya Krypton, na Marlon Brando, aliyelipwa dola milioni 3.7 pamoja na mgao wa mapato. (Ukishamlipa mtu kiasi hicho, humweki kwenye sekunde mbili za kumbukumbu.) Kisha mashamba ya Kansas, yaliyopigwa picha Alberta, Kanada. Hapo Clark ni kijana, anaigizwa na Jeff East, na ukimtazama vizuri utagundua kwamba si mwoga hata kidogo. Hajikwai, habananishi mabega. Ni kijana mwenye kisirani kilichozuiwa: wenzake wanaondoka na wasichana, yeye anaachwa akusanye vifaa vya timu, ilhali anaweza kuupiga mpira ukapotea mawinguni na kushindana mbio na treni.

Kwa hiyo filamu imetupa watu watatu. Yuko mwenye joho jekundu, yuko mbabaikaji wa ofisini, na yuko kijana wa shambani. Wawili wa kwanza ni mavazi. Ninavyoiona mimi, anayesimama sebuleni kwa Lois miwani ikiwa mkononi ni yule wa tatu, sasa mtu mzima, na ndiye anayeshindwa kusema. Donner alisaidia kuwaunganisha kwa njia ambayo wengi hawaitambui: sauti ya East iliondolewa, na maneno ya kijana yote yakasemwa upya na Reeve. Tangu Kansas tunaisikia sauti ya mtu ambaye bado hatujamwona.

Reeve, aliyesomea uigizaji Juilliard, aliujenga mwili huo kwa tabaka. Alinyanyua vyuma chini ya usimamizi wa David Prowse, yule aliyevaa vazi la Darth Vader. Kwa Clark alimwangalia Cary Grant katika Bringing Up Baby, msomi mwenye miwani asiyejua aweke wapi mikono. Hata nywele zimegawanywa upande mmoja kwa Clark na upande mwingine kwa Superman. Hakuna kati ya hayo linalotangazwa. Unaona tu kwamba Lois hadanganyiki kwa ujinga wake. Mimi mwenyewe ningedanganyika.

Sasa kifo cha baba. Jonathan Kent, akiigizwa na Glenn Ford, anaanguka uani kwa mshtuko wa moyo, na makaburini kijana anatambua kwamba nguvu zake zote hazikumsaidia mzee. Mbegu hiyo inakaa ardhini hadi mwisho, Lois anapofukiwa ndani ya gari lake. Superman anasikia sauti za baba wawili, mmoja wa Krypton akimkataza kuingilia historia ya wanadamu, mwingine wa Kansas akimkumbusha kwamba yuko hapa kwa sababu fulani. Anamchagua wa Kansas, anarudisha wakati nyuma. Kurudisha wakati kwenyewe sikukupenda na bado sikupendi, lakini uchaguzi ule usingekuwa na uzito wowote bila ua lile na mzee yule.

Linganisha na Man of Steel ya Zack Snyder, 2013. Huko Jonathan, aliyeigizwa na Kevin Costner, anachukuliwa na kimbunga akiwa amemwashiria mwanawe asije kumwokoa, watu wasije wakaona. Tukio limepigwa picha vizuri sana. Ila kijana wa mwaka 1978 alijifunza kwamba kuna asiloliweza. Huyu anajifunza kujificha. Anayekua kutoka hapo ni mtu mwingine, na sishangai kwamba mwishoni anamvunja shingo adui yake, Zod. Snyder ni mwaminifu kwa asili aliyotuonesha yeye. Tatizo langu ni asili yenyewe.

Na wanaopiga kelele kuhusu uaminifu wakumbuke toleo la kwanza. Jerry Siegel na Joe Shuster walipomtoa Superman katika Action Comics namba 1, mwaka 1938, asili yake haikuzidi ukurasa mmoja. Mtoto alipelekwa kituo cha yatima. Akina Kent hawakuwepo. Wala hakuruka angani, alirukaruka tu kupita majengo. Kilichokuwepo tayari ni tabia: anawasimamia wanyonge, na mchana anajifanya mnyonge.

James Gunn, mwaka 2025, aliipitisha asili kwa mistari michache ya maandishi mwanzoni, kisha akamwangusha shujaa wake kwenye theluji akiwa ameshapigwa. Baadaye hata anaugeuza ujumbe wa wazazi wa Krypton ukawa kitu cha aibu. Lakini katikati ya mapambano na dude kubwa, Superman wake anasimama kumwondoa kindi hatarini, nami nikajua mwandishi anamfahamu mtu wake. Tena kuna mahojiano marefu nyumbani kwa Lois, ambaye humu anaijua siri tangu mwanzo. Anawasha kinasa sauti na kumuuliza ni nani aliyemruhusu kuzuia vita vya nchi nyingine. David Corenswet anaanza akitabasamu, anajikunja, anapandisha sauti, na hatimaye anafoka kwamba watu wangekufa. Amevaa shati la kawaida, haruki, hapigi mtu, na ni kipande bora kuliko mapambano yote ya filamu ile.