Dodoki Jema Huanzia Kwenye Mbegu

Mchuuzi wa madodoki akipita mitaa ya Mbezi Beach, mikono mingi hukimbilia lile jeupe kuliko yote. Wanakosea. Weupe wa chaki mara nyingi ni kazi ya dawa ya kung'arishia nguo, na dawa hiyo ikizidi hula nyuzi. Dodoki lililokaukia mtini lina rangi ya majani makavu. Lichovye majini, likamue kwa nguvu, uliachie: zuri hufutuka na kurudia umbo lake, bovu hubaki limekunjamana. Nyuzi imara hazikuishia bafuni. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, madodoki ya Japani yalichuja mafuta kwenye injini za meli.

Chungulia na ndani. Mbegu mbili tatu husahaulika kwenye matundu yake, na hizo ni hazina kwa anayetaka kupanda. Mbegu nzuri ni nyeusi tii, bapa, laini, yenye pindo jembamba kuizunguka kama ukingo wa sahani. Ikiwa ina vishimo na haina pindo, hiyo ni ya dodoki lenye mbavu, linalofaa mchuzini kuliko bafuni. Ya kahawia iliyo nyepesi mkononi ilichumwa changa, itupwe.

Udongo wa Mbezi Beach ni mchanga, maji hayakai. Shimo la futi moja na nusu lijazwe samadi iliyooza, na mbegu zilowekwe usiku kucha. Mmea upande uzio au kichanja: dodoki linaloning'inia hunyooka, linalolala chini hupinda na kuoza ubavu. Maua dume na jike yako mbalimbali, hivyo anayepuliza sumu asubuhi hufukuza nyuki na kukosa matunda.

Lakini wengi huangushwa na kalenda. Mdodoki huhitaji miezi 5 hadi 6. Ukipandwa Machi, masika huukuza na matunda hukaukia juani Agosti na Septemba. Ukipandwa Oktoba, matunda hukomaa mvua zikiwa zinanyesha, na ukungu huacha madoa meusi yasiyotoka.

Ganda likiwa kahawia na mbegu zikicheza ndani, chuma. Za kupanda zitoke kwenye tunda refu, lililonyooka, zihifadhiwe kwenye karatasi. Tunda moja lina mbegu za kutosha majirani kadhaa. Akiomba mmoja, apewe.