Nimemshika Kinyonga wa Basotu, Bado Sijatulia

Jamani! Nimekaa naye dakika ishirini tu, kwenye fito ya uzio karibu na Ziwa Basotu, na simu yangu mpya nimeshaisahau mfukoni. Watoto wametimka, huku wengi humwona nuksi. Shauri yao.

Nilimkuta kijani kibichi kama jani la mahindi. Kumsogezea kidole, akafura, akaachama mdomo wenye rangi ya chungwa, madoa meusi yakachomoza ubavuni. Betri hana! Waya hana!

Weusi ule ni melanini inayosambaa ndani ya seli, sawa. Kinachonikosesha usingizi kiko kwingine. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walimchunguza binamu yake wa Madagaska, wakakuta ngozini fuwele za guanini zimejipanga safu kwa safu. Akitulia, fuwele hukaribiana na kurudisha mwanga wa buluu. Buluu hiyo ikipita kwenye tabaka la njano lililo juu yake, unaona kijani. Akipandisha hasira, fuwele huachana, na mwanga unaorudi huhamia kwenye njano na wekundu. Hakuna tone la rangi lililoongezwa. Ni nafasi tu, za nanometa!

Watengeneza chipu wanahangaikia jambo hilohilo, kuchagua mwanga kwa vipimo vidogo. Huchonga kwenye silikoni pete ambayo kipenyo chake hakifikii unene wa unywele. Mwanga huingia ukazunguka weee, na ule tu unaolingana na mzingo wa pete ndio unaonaswa. Kubadili chaguo? Huipasha pete joto kwa kijiwaya. Mpiga ngoma yeyote anaijua hiyo: ngozi ikilegea, unaisogeza motoni mpaka sauti ikae. Mwaka 2025 Nvidia ilitangaza swichi za vituo vya data zenye pete za namna hii, nami nilishangilia peke yangu chumbani. Ila joto lile linakula umeme. Mnyama wangu anasogeza fuwele tu.

Kasoro yake ni mwendo, ukipenda kumwonea. Pete zikiendeshwa kwa umeme hufunga na kufungua mwanga mabilioni ya mara kwa sekunde. Yeye anataka umsubiri.

Na Mlima Hanang, jirani yetu hapa, una kinyonga wake, Kinyongia uthmoelleri. Wataalamu walipolipa kundi lake jina mwaka 2006, walichukua neno letu! Kesho alfajiri napanda kumtafuta. Huyu nimemrudisha kwenye fito. Kijani kimeshaanza kumrudia.