Kamera Mbili, Harusi Moja

Mpiga picha wa harusi hupimwa kwa mahali aliporuhusiwa kusimama. Mambo ya mwanga na lenzi hufundishika, tena siku hizi bure mtandaoni. Lakini hakuna somo litakalokuingiza chumba anachovalishwa bibi harusi, wala litakalokupa kigoda kati ya wazee wanaomalizia mazungumzo ya mahari. Anayefika hapo amefikishwa na watu. Kazi hii tunaifanya wawili, mimi na mume wangu, kati ya Mbulu na Hanang, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba ufundi wake mkubwa ni huo wa kuaminiwa mlangoni.

Kwetu ni Haydom, wilaya ya Mbulu, mji uliokua kuizunguka hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Upande mmoja barabara inapanda kwenda Dongobesh na Mbulu mjini, kwenye vilima vya Wairaqw, ambako asubuhi za Juni na Julai ukungu hauna haraka ya kuondoka. Upande wa pili inakwenda Basotu na Katesh, nchi ya Wabarabaig, ambako Mlima Hanang umesimama peke yake, mita 3,417 juu ya usawa wa bahari. Mimi ni Mwiraqw wa vilimani, mume wangu ni Mbarabaig wa upande wa Basotu. Huku wamekutana Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatoga (Wabarabaig wakiwa sehemu yao) wenye lugha ya Kiniloti, Wanyaturu na Wanyiramba ambao ni Wabantu, na Wahadza wa bonde la Yaeda, ambao lugha yao ya kugonga ulimi wanaisimu hawajaipatia ndugu. Mpiga picha anayetegemea Kiswahili peke yake atapata nyuso za vijana. Bibi aliyemlea bibi harusi hasisimkwi na kelele za "tabasamu!" Msalimie kwa lugha yake, muulize wajukuu na mifugo, uiache kamera ining'inie kifuani, tabasamu litakuja lenyewe.

Kalenda yetu hupangwa na padre, mchungaji na mvua. Wakati wa Kwaresima na Majilio ndoa hazifungwi hovyo kanisani. Masika ikikolea, barabara za udongo huamua nani afike na nani alale njiani. Basi harusi hurundikana baada ya mavuno, watu wakiwa na chakula ghalani na kamati zikiwa zimekusanya michango. Miezi hiyo watoto wetu Jumamosi hulala kwa bibi yao, na wameshazoea kusikia wazazi wao wakiitwa barabarani Baba Picha na Mama Picha.

Asubuhi ya harusi tunaachana. Yeye anakwenda kwa bwana harusi na lenzi ya milimita 85, ambayo humpa mtu uso wake bila kumkaribia mno. Mimi nakwenda kwa bibi harusi na ya milimita 35. Chumba cha kuvalia huwa kidogo, kina dirisha moja, na ndani yake wamo matroni, mpambaji, shangazi wawili, mama mdogo anayetafuta pini na mtoto aliyekataa viatu. Humo nikiingia sianzi kwa kupiga picha. Naamkia wakubwa wote, nashika pini, nafunga zipu iliyogoma, namsogeza bibi harusi karibu na dirisha kana kwamba ni kwa ajili ya mpambaji aone vizuri. Baada ya muda wananisahau. Hapo ndipo mama mzazi anainama kumnyooshea binti yake shela, mikono inatetemeka kidogo, na wala hajui kuwa nimempata. Mume wangu asingekuwamo chumbani humo. Angekuwa nje ya mlango akisubiri kuitwa mambo yakiwa tayari. Wakati huohuo, kwenye boma la pili, yeye amekaa na wazee, baba mkubwa anampa kijana maneno ya mwisho ya ujana wake. Ningekuwa mimi pale, mazungumzo yangebadilika.

Pwani walilijua jambo hili kabla yetu. Katika sherehe za wanawake za Mombasa na Lamu, ambako wageni huvua mabuibui wakabaki na mavazi na mapambo yao, kamera huachiwa mwanamke mwenzao, na hata yeye huulizwa picha zitaishia mikononi mwa nani. Zamani faragha ilikuwa kazi ya chumba. Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, na mpiga picha Parekh alipokuja kujenga jina Mombasa, mteja ndiye aliyekwenda studio: akaingia, pazia likateremshwa, akachagua kiti, ua na mkao, akatoka na sura aliyoitaka. Leo studio ndiyo inayomfuata mteja nyumbani kwake, na faragha ile iliyokuwa ikilindwa na kuta nne sasa mpiga picha anatembea nayo kichwani.

Huku kwetu suala hilo lina uchungu wake. Mwanamke wa Kidatoga mwenye sketi ya ngozi, bangili za shaba na chale za duara kuzunguka macho amepigwa picha nyingi na wageni, hasa upande wa Ziwa Eyasi ambako watalii hupelekwa kumwona yeye na Wahadza. Sura yake imezunguka dunia, naye hana hata nakala moja ukutani. Akija kwetu siku ya mnada, au tukimkuta kwenye harusi ya mwanawe, mambo yanageuka. Yeye ndiye mwenye picha. Mmoja alinikatalia nisimpige na maua ya ukumbini. "Maua haya ya nani, mwanangu?" aliniuliza. "Nipige na wajukuu zangu." Tuliwaita wakaja saba, mmoja akiwa na kipande cha keki mdomoni. Picha ile aliilipia mwenyewe kwa noti alizozifungua kwenye pindo la shuka, na ndivyo alivyotaka ijulikane.

Mwanga nao una siasa zake. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, na ngozi yake ndiyo ikawa kipimo cha kila ngozi. Filamu zimepita, lakini tatizo halijaondoka lote. Kamera ikiachiwa ijiamulie, hupima mwanga kwa wastani: ikiona gauni jeupe limejaa kwenye picha huogopa weupe ule na kupunguza mwanga, na bibi harusi anabaki gauni linalong'aa lenye kivuli mahali pa uso. Ikigeukia suti nyeusi ya bwana harusi hufanya kinyume chake. Ndiyo maana tunapima shavuni, tena shavu la mweusi zaidi kati ya wawili hao, kisha gauni tunalilinda wakati wa kuhariri. Adui mwingine ni turubai. Turubai la bluu hupaka bluu kila aliye chini yake, la njano huwafanya wote waonekane wagonjwa, na flashi ukiielekeza juu inarudi na rangi ileile. Dawa ni kuwaleta maharusi ukingoni, mwanga wa nje uwaguse kwa ubavu, na mapambo yaliyogharimu fedha za kamati yawe nyuma yao kwa mbali.

Kanisani tunakutana tena, na kabla ya kuingia tunalinganisha saa za kamera mpaka sekunde. Bila hivyo, picha zikichanganywa nyumbani, pete itavalishwa kabla ya swali la padre. Mimi nasimama upande wanaotazama watu wote, yeye anasimama upande ambao hakuna anayeutazama. Maharusi wakivishana pete, mimi napata vidole. Yeye anampata baba wa binti kwenye benchi la pili, ameinua uso kutazama bati. Hatusemezani. Akigusa kofia najua anasogea. Nikishusha kamera anajua nimezibwa na mgeni mwenye simu aliyeamua kusimama katikati ya njia. Kuna wanandoa wanaoelewana zaidi kwa ishara kuliko kwa maneno, na sisi ishara hizo tumezifanya chanzo cha riziki.

Mtu wa Mbulu anayejulikana zaidi duniani anajulikana pia kwa sababu kulikuwa na kamera zilizochelewa kufungwa. Tarehe 20 Oktoba 1968, mjini Mexico, John Stephen Akhwari aliumia goti katikati ya mbio za marathoni za Olimpiki, akafungwa bandeji, akaendelea. Aliingia uwanjani wa mwisho, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda, watazamaji wengi wakiwa wameshaondoka. Hatua zile za kuchechemea zilirekodiwa. Huwa namkumbuka kila harusi inapofika saa ambayo emsii amechoka na vijana wa muziki wanakunja nyaya. Wapiga picha wengi huondoka keki ikishakatwa na zawadi zikishapokelewa. Sisi hubaki mpaka kina mama waliopika wanapopata nafasi ya kukaa, wavue viatu, waletewe sahani zao. Hakuna kamati iliyowahi kuomba picha hizo kwenye mkataba, ila albamu ikifunguliwa, vidole hutua hapo.

Kuchagua mahali pa picha za wawili nako kunadai kujua historia. Maharusi wengi wa Hanang hupenda mashamba ya ngano ya kuelekea Basotu, hasa ngano ikiiva. Kweli ni mazuri, na upepo husaidia shela. Lakini mashamba makubwa ya nchi ile yalifunguliwa kuanzia miaka ya 1970 kwa msaada wa Kanada juu ya malisho ya Wabarabaig. Familia ziliondolewa, na makaburi ya wazee waliozikwa kwa heshima yakapitiwa na jembe la trekta. Kesi zilifika mahakamani. Kwa kijana wa leo hiyo ni mandhari ya dhahabu. Kwa babu yake inaweza kuwa kaburi la baba. Kwa hiyo mume wangu huwauliza wazee kwanza. Mara nyingine wanasema nendeni, mara nyingine wananyamaza, nasi tukiona wamenyamaza tunawapeleka maharusi ziwani.

Tunasisitiza pia kusafisha picha kwenye karatasi, ingawa vijana hutucheka. Wanataka zote usiku uleule kwa simu, na simu huzibana picha hizo mpaka zinakuwa nyepesi kama uvumi. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Tope halikuchagua kati ya simu na albamu. Tangu hapo tunaweka nakala za kila harusi kwenye diski mbili zinazolala nyumba mbili tofauti, na tunawashauri maharusi wapeleke albamu ya pili kwa wazazi wa upande mwingine. Mpiga picha wa kijijini ni mtunza kumbukumbu asiye na ofisi: picha ya mzee akicheka harusini ndiyo hukatwa ikakuzwa kwa ajili ya msiba wake. Kwa sababu hiyo kila mzee anayehudhuria tunampiga peke yake walau mara moja, kwa utulivu, akiwa amevaa vizuri.

Sitaki kuipamba kazi kupita kiasi. Kati ya harusi na harusi tunaishi kwa picha za paspoti za wanafunzi, kitambaa cha bluu ukutani na kitana mezani. Kianzio hulipwa haraka; salio hukimbia. Tulijifunza kulidai kabla ya sherehe ya kuvunja kamati, maana kamati ikishavunjwa kila mjumbe ni raia wa kawaida asiyejua fedha zilipo. Na nyumbani hatugombani juu ya fedha kama tunavyogombana juu ya uchaguzi wa picha. Yeye hupenda iliyo kali na safi. Mimi nitatetea iliyotikisika kidogo, mradi ndani yake mtu yupo. Tumekubaliana kuwa hakuna anayefuta picha ya mwenzake bila kumwita aje aangalie, na sheria hiyo imetufaa hata kwenye mambo yasiyo ya picha.

Kitu kimoja bado kinaniudhi. Wasichana wanaokuja kuomba kujifunza katika studio za miji yetu huwekwa kwenye kompyuta na kwenye kaunta ya wateja. Kamera hupewa kaka zao. Matokeo yake nusu ya harusi haina mtu wa kuipiga, na familia zimeshazoea albamu zenye bibi harusi aliyekwisha kuvaa, kana kwamba alishuka na gauni kutoka mbinguni. Kijana akija kumwuliza mume wangu anunue kamera ya aina gani, jibu lake ni swali: una dada, mke au mchumba anayependa kazi hii? Kama yupo, humshauri fedha alizokusanya kwa kamera moja ya kujionyesha azigawe zinunue mbili za kawaida, na ya pili iandikwe jina la huyo binti tangu siku ya kwanza.