Tsavo Isiyo na Jembe

Ukitaka kujua dunia inaifahamu vipi Taita Taveta, angalia filamu zake. Nitataja mbili. Ya kwanza ni The Ghost and the Darkness ya 1996, ile ya simba wawili waliokula wafanyakazi wa reli kwenye daraja la Tsavo mwaka 1898. Michael Douglas na Val Kilmer wamebeba bunduki, simba wana manyoya mengi shingoni ilhali wale wenyewe hawakuwa nayo, na nyasi unazoziona ni za Afrika Kusini, maana huko ndiko ilikopigwa. Ya pili ni The Elephant Queen ya Mark Deeble na Victoria Stone, iliyoingia Apple TV+ mwaka 2019. Hii ya pili ndiyo nataka tubishane nayo, kwa sababu ni nzuri. Filamu mbaya haihitaji mkosoaji, inajimaliza yenyewe.

Tuanze na haki yake. Athena ni ndovu jike wa makamo anayeongoza familia. Dimbwi la nyumbani likianza kukauka, yeye ndiye wa kuamua: tukae tufe na kiu, au tuondoke na watoto ambao huenda wasifike? Kamera ina subira ya ajabu. Inashuka hadi usawa wa mdudu anayeviringisha mavi, inakaa na vyura, inakuonyesha visamaki ambavyo mayai yake husubiri ndani ya tope kavu mpaka mvua irudi. Sauti ya Chiwetel Ejiofor inasimulia kama babu aliye na wakati. Nilipoimaliza, nilikuwa nimeshamjua Athena kuliko ninavyowajua baadhi ya shangazi zangu.

Shida yangu iko pembeni mwa fremu. Katika Tsavo ya Athena hakuna shamba. Hakuna jembe, hakuna moshi wa jikoni, hakuna mama anayepigia kuku kelele watoke kwenye mahindi. Unaweza kusema hiyo si kazi ya filamu ya wanyama, na utakuwa na hoja. Lakini mbuga za Tsavo zinachukua takriban asilimia 62 ya kaunti nzima. Watu wamebanwa kwenye kilichobaki, na kwenye hicho hicho kuna mashamba makubwa ya mkonge na ranchi. Ukitoka Voi kuelekea Sagalla au Kasigau, jirani yako ni mbuga. Ndovu anayetafuta maji hatembei kwenye ramani tupu. Njia yake inapita kwa mtu.

Na mtu huyo, Desemba, yuko kazini. Hapa ndipo sisi wa mjini hukosea pia. Ushago ya Desemba tuliyouziwa na matangazo ya biashara ni mbuzi, chapo, binamu wamejaa uani, soda kwenye beseni. Kwenye insha za shule tuliandika hivyo hivyo na tukapewa alama. Kumbe tambarare za Voi hutegemea zaidi mvua za vuli, zinazoanza kati ya Oktoba na Novemba zikiamua kuja. Kwa hiyo Krismasi inakuta mahindi bado yanachanua, kunde zinachumwa majani ya mboga, na pojo ndiyo kwanza zinafunga vitumba. Huu si wakati wa kuvuna. Ni wakati wa palizi, na ghala la msimu uliopita liko karibu tupu. Watoto wamefunga shule, kwa hiyo wanapewa majembe. Anayeshuka Voi kutoka kwenye treni ya Mombasa, na viatu vyake vyeupe, atapewa la kwake kabla chai haijapoa. Pojo hukomaa kwa miezi miwili hivi, na shule hufunguliwa Januari. Kila mtu pale nyumbani anaweza kufanya hiyo hesabu bila kalamu.

Huko juu milimani, Wundanyi na Werugha, hadithi ni nyingine: kuna baridi, kuna mboga za kupeleka sokoni Voi na Mombasa, na ndovu hawapandi mpaka huko. Jamaa wa mlimani na jamaa wa tambarare wanaweza kula kimanga kile kile sikukuu, lakini hawalali usingizi mmoja. Wa tambarare hulala kwa zamu. Kuna dungu la kulindia, kuna tochi, kuna madebe ya kugonga, kuna moto. Familia moja ya ndovu ikipita usiku mmoja, karo imeliwa.

Sasa turudi kwenye filamu na hilo akilini. Athena ana jina, watoto wake wana majina, hofu yake imepewa muziki. Halafu fungua habari za jioni siku ndovu wameingia shambani. Anayelia mbele ya kamera ni "mkazi". Wakiwa wengi ni "wakazi walalamika". Sekunde arobaini, tunaenda kwenye michezo. Mnyama amepata filamu nzima, mtu amepata kauli moja. Hili si suala la nani ni mzuri zaidi kwenye skrini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua fidia, hadi shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na mazao pia yamo. Malalamiko ya fidia kuchelewa yamekuwa wimbo wa miaka na miaka. Ukiuliza kwa nini hakuna anayeharakisha, sehemu ya jibu ni kwamba huruma, kama maji, hufuata mfereji uliochimbwa. Filamu huchimba mifereji.

Kuna atakayeniambia shamba dogo halina filamu ndani yake. Palizi ni palizi, utapiga picha gani? Jibu liko kaunti ya jirani. Thank You for the Rain ya 2017 ni ya Kisilu Musya, mkulima wa Mutomo, Kitui, pamoja na Julia Dahr wa Norway. Kisilu alipewa kamera akajirekodi mwenyewe kwa miaka: mkewe, watoto, mvua isiyokuja, kisha dhoruba iliyokuja kwa hasira. Baadaye anafika hadi Paris kwenye mkutano wa hali ya hewa wa 2015. Kwangu sehemu ya Paris ndiyo dhaifu, suti na kumbi nyingi mno. Zenye nguvu ni zile picha zinazotikisika, za mtu anayejua mahali pa kusimama kwa sababu ni kwake. Mkewe anapomuuliza nani atalima akiwa anazunguka na mikutano, hakuna muziki unaotuambia tusikie nini. Swali linakaa tu hapo, kama sufuria mezani.

Ndicho kinachokosekana upande wetu wa Tsavo: subira ya Deeble na Stone, na mahali pa kusimama pa Kisilu. Malighafi ipo tele. Pale Sagalla kuna wakulima waliozungusha mashamba yao mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya, kazi iliyoanzishwa na mtafiti Lucy King. Ndovu akisukuma waya, mizinga inayumba, nyuki wanatoka, ndovu anageuka. Mwenye shamba anabaki na mahindi na asali. Lakini ukame ukikaza, nyuki nao huhama, na uzio unabaki masanduku matupu yanayoning'inia. Yaani mkulima, ndovu na nyuki wote wanangoja wingu lile lile. Niambie kama hiyo si filamu.

Sisemi Athena aondolewe. Nataka kamera ile ile, yenye heshima ile ile kwa mdudu wa mavi, igeuke kidogo tu. Imwonyeshe mama anayejua umri wa kila mstari wa pojo. Imwonyeshe kijana wa Mombasa asiyejua kutofautisha magugu na mche, anachekwa na mdogo wake wa darasa la nne. Halafu ifike tarehe 24 Desemba usiku, nyumba nzima imeoga, nguo zimepigwa pasi, kwaya inasikika toka kanisani. Kabla hawajatoka, mtu mmoja aulize swali ambalo hakuna filamu yoyote ya Tsavo niliyoiona imewahi kuuliza: leo nani anabaki kulinda?